Msimu wa Mkono Unaotetemeka

Jumapili, 2 Machi

Nimenunua daftari hili nikitoka kanisani. Nataka mambo haya yaandikwe tangu mwanzo, ili siku nitakayoitwa mbele kutoa ushuhuda nisibabaike kama wale wanaosahau hata walichokuja kushukuru.

Leo mume wangu ameacha pombe. Bangi pia. Amesimama mbele ya kanisa zima, mvua inapiga mabati mpaka mchungaji akanyamaza kumpisha, akasema: "Nimeacha. Vyote viwili. Leo." Akaketi. Nimelia mpaka leso ikalowa chapachapa.

Jambo lenyewe halikuanza leo. Muuguzi wa zahanati alimpima mwezi uliopita, akamwambia bila kuzunguka: "Fundi, ini lako limechoka. Ukiendelea hivi, mvua za mwakani utazisikia ukiwa chini ya udongo." Kisha mchungaji naye akaja na kazi. Kanisa jipya linakaribia kwisha, askofu anakuja kulifungua katikati ya Aprili, na ukuta wa mbele unataka maneno makubwa: NJOONI KAMA MLIVYO. Mume wangu ni mchora herufi. Kila duka la mji huu lenye jina linalosomeka limepita mkononi mwake, hata wanaomsema vibaya wanajua. Lakini mchungaji kasema ukuta wa Mungu hauguswi na mlevi. Aache kwanza, kazi ni yake.

Basi kaacha. Tumerudi nyumbani tukamwaga chupa zote chooni, mimi naimba. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anatia nguo viraka kama kawaida yake. Akasema, "Unaimba kama aliyeshinda kesi."

Mungu anisaidie na mama huyu.

Jumatatu, 3 Machi

Hajala. Jasho linamtoka kama mtu anayebeba magunia, naye kalala tu. Nimebadilisha shuka asubuhi kabla ya kwenda kazini na tena nilipotoka shuleni ninakowapikia wanafunzi. Namwambia ni Mungu anamsafisha. Kajifunika shuka.

Jumanne, 4 Machi

Mikono inamtetemeka. Mama mkwe haoni vizuri karibu, na siku zote ni mwanawe anayemtungia uzi kwenye sindano. Leo kampa kama kawaida. Mume wangu akajaribu, akajaribu tena, akalamba uzi, akajaribu, mwisho sindano ikaangukia kwenye maji ya mlangoni.

"Ajabu," akasema mama yake. "Ulikuwa unaitunga ukiwa umelewa chakari. Sasa umekuwa mtakatifu, huoni tundu."

Jumatano, 5 Machi

Nimechelewa kuandika.

Niliporudi kutoka kazini mchana nilimkuta amesimama kitandani anapangusa pazia. "Watoe hawa," ananiambia, "wanaingia masikioni." Nani? "Sisimizi! Huoni?" Pazia lilikuwa safi, nimelifua mwenyewe wiki iliyopita. Nikajua hapa pana vita ya rohoni. Sikwenda zahanati. Nilikwenda kwa Mzee Funguo.

Mzee Funguo ni mzee wa kanisa, tunamwita hivyo kwa sababu funguo zote za kanisa zinaning'inia kiunoni mwake na anapenda zisikike. Alikuja na ndugu wa kundi la maombi. Wakamzunguka. Tulipoanza kuomba kwa sauti mume wangu akakodoa macho, akakakamaa kama ubao, akaanguka, akaanza kurushwarushwa sakafuni, povu mdomoni. "Lishikeni!" Mzee Funguo akapiga kelele. "Linatoka!" Wakamkalia. Mmoja kifuani, wengine mikononi, mimi nikashika miguu. Mimi mwenyewe. Mzee Funguo akaomba kijiko, nikamwonyesha kilipo, akakiingiza kati ya meno ili lisimng'ate ulimi. Nikasikia kitu kinavunjika, kidogo tu, kama mtu kakanyaga ganda la konokono.

Mama mkwe ndiye aliyetoka kwenye mvua, na macho yake hayo, akamleta muuguzi.

Muuguzi ni binti mdogo kuliko mimi lakini alitukaripia kama watoto. "Mtokeni juu! Mtu anakosa hewa!" Akamlaza ubavu, akamdunga sindano. Akatuambia hiyo ni degedege ya kuachishwa pombe ghafla. Mwili uliozoea miaka yote ile, ukinyang'anywa kwa siku moja, unachanganyikiwa, na watu hufa hivyo hivyo huku wamezungukwa na ndugu zao. Mngekuja kwangu kwanza, akasema, tungemshusha kwa dawa, polepole.

Kisha akamfungua mdomo. "Nani kamvunja jino?"

Nikakiokota kijiko sakafuni.

"Pepo lilikuwa linauma," akasema Mzee Funguo, akatikisa funguo zake akaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Yuko zahanati. Jino la mbele halipo, akisema "S" inatoka filimbi. Wanampa vidonge na maji ya mshipani.

Muuguzi kaliona daftari langu. Kasema ni vizuri, niendelee, niandike anavyolala na anavyokula. Akanieleza ya kutarajia. Jasho na mauzauza vitaisha upesi. Mkono utachelewa, kwa mtu aliyekunywa miaka mingi kama yeye. Bangi nayo ina madai yake: usingizi hautakuja, ukija utakuja na ndoto za kutisha, chakula kitakuwa kama karatasi, na hasira. "Utaishi na mtu usiyemjua, mama. Hata yeye hatajijua. Usimharakishe."

Nikasema, "Mungu hachelewi."

Akasema, "Mungu hapana. Mishipa ndiyo inachelewa."

Jumatano, 12 Machi

Yuko nyumbani. Anakula sukari. Anachovya kijiko kwenye kopo, amesimama, kama mwizi.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa miaka yote nilimwomba Mungu anirudishie mume wangu. Sikujua nilikuwa naomba arudi huyu.

Mlevi wangu alikuwa na kicheko. Alikuwa anaingia anapiga mlango na bega, anamwita mama yake "mrembo," ananishika kiuno mbele yake. Huyu wa sasa anakaa kwenye kiti anaona kila kitu. Kaona dari linavuja. Kaona chakula changu kina chumvi nyingi. Leo nilikuwa naimba nikichambua mboga, akasema, taratibu tu, bila hata kunigeukia: "Sauti yako imekaa puani. Sikuwahi kuijua mpaka sasa."

Mimi ndiye naongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. "Ulitaka mwenye akili timamu," akasema, "ndiye huyo."

Jumamosi, 15 Machi

Leo kaja Kibiriti, rafiki yake wa kuvuta. Hilo jina ni kwa sababu hajawahi kukosa moto mfukoni. Ndiye aliyemfundisha mume wangu bangi wakiwa vijana, na sijawahi kumpa hata kiti. Nilikuwa naosha vyombo nje. Nilipomwona getini sikumpa nafasi, nilimmwagia beseni zima.

"Shemeji! Nimemletea pipi tu! Wanasema tamu inasaidia!"

"Kasaidie ukoo wako na mashetani yako!"

Akaacha mfuko wa pipi juu ya ukuta, akaenda zake anachuruzika. Nikazitupa zote matopeni.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilimwona mume wangu amechuchumaa pale. Anaziokota. Anazifuta na shati moja moja, anaweka mdomoni. Aliponiona hakusimama.

Alhamisi, 20 Machi

Sindano tena. Kashindwa. Mama yake kampa mtoto wa jirani.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya ukuta.

Asubuhi mvua ilitupa nafasi. Mume wangu alitandaza kamba yenye chaki, akaivuta na kuiachia, pa, pa, mistari ikakaa sawa ukutani kama ya kitabu cha shule. Herufi moja ni kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Akapanda ngazi na ile fimbo yake yenye kichwa cha kitambaa, anayoegemezea mkono. N akaipata. J akaipata, jasho linamchuruzika. Kisha O.

Aliwahi kuniambia tukiwa wachumba: herufi zote zina mahali pa kuegemea isipokuwa O. Haina kona, ukikosea popote inaonekana popote. Na maneno hayo ya mchungaji yana O tatu.

O ikatoka kama yai lililokaliwa. Akaifuta. Ikatoka mbaya zaidi. Ngazi nzima ikawa inatetemeka naye, rangi ya buluu inadondoka, na watu waliokuwa wanapanga mabenchi wakatoka kutazama. Mzee Funguo akaja chini ya ngazi.

"Shuka."

Akashuka. Mzee akamsogelea akanusa mdomo wake mbele ya watu wote, kama anayenusa maziwa. "Hanuki," mtu mmoja akasema. "Siku hizi ziko zisizonuka," akajibu Mzee Funguo. "Tazameni mkono huo. Huo ni mkono wa mtu mzima?"

Mume wangu akasema, "Sijanywa, mzee. Ndiyo maana unatetemeka." Na S zake zikapiga filimbi, "ssijanywa," watoto wakaangua kicheko. Jino alilivunja nani?

Nilitaka kusema. Nilisimama pale na ndoo ya rangi na nilitaka kusema. Lakini wanawake wa kwaya walikuwa wananitazama, nikainama nikaanza kuosha brashi.

Jumatano, 26 Machi

Nilidhani atakwenda kunywa. Hakwenda. Kakaa na mama yake mlangoni kutwa, wanatazama mvua.

Jumapili, 30 Machi

Nimetolewa mstari wa mbele. Eti mpaka mambo ya nyumbani yaeleweke. Nimeimba nyuma, karibu na mlango, naona visogo vya watu.

Baada ya ibada mchungaji kaniita. Kwa upole, yeye huwa mpole. Kasema Alhamisi ya tarehe 10 ni nafasi ya mwisho. Mkono ukikataa, watamwita mchoraji wa mji mwingine, na sisi wawili tutasimama mbele ya kanisa, mume wangu kwa kuidanganya madhabahu na mimi kwa kumficha.

"Hajanywa, mchungaji. Naapa."

"Mama, mimi nakuamini. Lakini watu wanaona mkono."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda kwa muuguzi kuomba dawa ya kuutuliza mkono kwa siku moja tu. Akakataa. Akasema zipo, ila kwa mtu kama huyu ni kumtoa shimo hili na kumtia lile. Mpe wiki chache. "Kwani askofu hawezi kufungua kanisa lisilo na maandishi?"

Hajui mambo ya kanisa, binti yule.

Nyumbani hatusemezani. Natoka alfajiri kwenda jikoni shuleni, narudi mchana, namkuta kwenye kiti. Sindano siangalii tena, sitaki kuona.

Jumanne, 8 Aprili

Haya ninayoandika sitayasoma kwenye ushuhuda.

Nimekwenda kwa Kibiriti. Anaziba pancha, kibanda chake ni turubai na matairi. Aliponiona alirudi nyuma. "Una beseni?"

Nikamwambia nataka kitu kidogo. Cha kumtuliza mkono, Alhamisi tu, asubuhi moja.

Kibiriti akaacha kazi. Akajifuta mikono polepole. "Shemeji, alikuja hapa. Mwezi wa tatu, baada ya ukuta. Kakaa kwenye tairi hilo hilo akalia, ananiomba hata moshi wa kunusa. Nikamwambia, nikikupa leo, kesho nabeba jeneza, na mgongo wangu wenyewe mbovu. Tukakaa mpaka hamu ikampita. Akarudi kwako mkavu." Akanitazama. "Na mimi nimeacha kuvuta mbele yake. Sasa wewe, uliyenimwagia maji ya vyombo, umekuja kuniomba nini?"

Nikatazama tairi lile.

"Njooni kama mlivyo," akasema, "ila msitetemeke." Akachukua nyundo yake.

Ningerudi nyumbani hapo. Nilikuwa nimeshageuka. Kisha nikamkumbuka Mzee Funguo akinusa, nikaviona vile visogo vya watu, na miguu ikakata kona yenyewe, kwa yule mwanamke anayeuza gongo nyuma ya gereji. Alinijua. "Mama wa kwaya! Karibu ndani, usilowe." Akanifungia chupa kwenye gazeti vizuri kama nyama.

Alhamisi, 10 Aprili

Mungu wangu, unajua yote, basi acha niandike.

Asubuhi nimeomba ruhusa kazini. Nilipika chai nyeusi, sukari nyingi, tangawizi ya kuunguza koo, nikamimina nusu kwenye chupa ya chai. Nusu nyingine nikaijaza kutoka kwenye ile chupa ya gazeti. Nje nilimsikia akiongea na mama yake, tena anacheka. Nikasema moyoni, hofu imemharibu kichwa. Njiani alikuwa anapiga mluzi kupitia lile pengo. Alinishika hata mkono kuvuka dimbwi. Hakuwa amenishika tangu mwezi wa pili.

Walikuwapo wote. Mchungaji na mwavuli. Mzee Funguo. Kwaya, eti wamekuja kufagia. Manyunyu yalikuwa ya baridi. Mume wangu akatandaza kamba, pa, pa, akapanda ngazi, kisha akaniambia kutoka juu, "Nipe chai kwanza, mke wangu, nipate joto."

Nikampandishia.

Akamimina kwenye kifuniko. Akapeleka mdomoni. Akasimama hapo hapo, kifuniko kimegusa mdomo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Kisha akatazama chini. Hakutazama watu. Alinitazama mimi. Hakuonyesha hasira. Alinitazama kama anayesubiri niseme kitu.

Ilikuwa neno moja tu. Mwaga. Au jina lake. Nilikuwa na muda, Mungu wangu, nilikuwa na muda wa kutosha.

Nikatazama ukuta.

Akanywa. Akamimina tena, akanywa, mpaka chupa ikaisha. Akaupangusa mdomo wake na mkono wa shati, akachukua brashi, akaweka ncha ukutani, akazunguka. O. Mkupuo mmoja. Kwaya ikapiga vigelegele. O ya pili. N. I. Hakusimama mpaka jua la mchana, na herufi zilikaa pale kama zilizozaliwa na ukuta. Mchungaji alilia. Mzee Funguo akampa mkono mbele ya watu.

Nikamshukuru Mungu. Nikaishukuru na chupa.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi kaniambia, bila filimbi wala neno la ziada: "Chai ya jana ilikuwa nzuri. Uniwekee na leo."

Jumapili, 13 Aprili

Askofu kaja. Watu mpaka nje, kwenye miavuli, chini ya maneno ya mume wangu. Nimerudishwa mstari wa mbele.

Mchungaji akaniita juu. "Mama, waambie wake wenye waume kama wa kwako. Ulifanyaje?" Nilikuwa na daftari hili mkobani, nililolinunua kwa ajili ya saa hiyo. Sikulifungua. Nikasema, "Nilimwombea. Sikuchoka." Kanisa likasimama. Askofu kaweka mkono kichwani mwa mume wangu, akasema huyu ni ukuta ulio hai. Mume wangu alikuwa ametulia kabisa, macho yanang'aa. Niliijua ile harufu ya tangawizi nilipokaa karibu naye.

Jumatano, 16 Aprili

Karudi kucheka. Kapiga mlango na bega.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo mama mkwe kanipa mimi sindano. Siku zote hanipi mimi, angempa hata mpita njia.

"Tunga," akasema. "Mikono yake imeanza tena asubuhi asubuhi, mpaka apate chai yako."

Nikatunga. Akaupokea uzi, akaupima kwa vidole, hakushona.

"Siku ile ya mwisho ya ukuta," akasema, "wewe uko ndani unahangaika na chupa yako, aliniomba sindano mwenyewe. Akatunga mara moja tu, hata hakulamba uzi. Akaunyoosha mkono mbele ya macho yangu haya, nikauona umetulia kama meza. Nikataka nikuite. Akasema, 'Usimwambie, Mama. Nataka auone mwenyewe kule juu.'"

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Aliomba nisikuambie. Ndiyo mara ya kwanza tangu akiwa mtoto ananiomba kitu na si cha kunywa." Akainamia kiraka chake. "Nilidhani unampelekea chai."

Ijumaa, 2 Mei

Muuguzi kanikuta sokoni. Kauliza hali ya mgonjwa, kauliza na daftari. Nikamwambia mgonjwa mzima, daftari limelowa mvua nikalitupa. Kasema aje apimwe tena ini. Nikasema atakuja.

Kibiriti alikuwa ng'ambo ya barabara. Hakunisalimu.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zimekata. Mabati yamenyamaza, nyumba nzima inasikika.

Macho yake yameanza kuwa ya njano. Asubuhi kaiweka chupa ya chai mezani, kifuniko wazi, akakaa mbele yake, mikono ameificha chini ya meza nisiione. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia, nami nilikuwa sijavaa joho la kwaya.

Nimeijaza. Kisha nikavaa.